Kilo ngapi? Utepe wa kifua na mstari unaokadiria uzito wa ng'ombe

Chupa ya dawa ya minyoo haiulizi ng'ombe ana umri gani wala anatoa maziwa kiasi gani. Inauliza kilo. Albendazole ya asilimia 10, kwa kipimo cha miligramu 7.5 kwa kila kilo ya mnyama, ni mililita 7.5 kwa kila kilo 100. Lakini boma nyingi za Bungoma, Busia na Kakamega, magharibi mwa Kenya, hazina mizani ya kubeba mnyama wa robo tani, kwa hiyo uzito hukadiriwa kwa jicho. Jicho likipunja, minyoo dhaifu hufa na iliyo sugu hubaki kuzaana. Likizidisha, dawa hupotea na mnyama huweza kudhurika, hasa mwenye mimba changa.

Dawa ya tatizo hili ni utepe wa kupima mzunguko wa kifua. Kifua kikiwa kikubwa ng'ombe huwa mzito, na hilo halihitaji mtaalamu. Yanayohitaji hesabu ni maswali mawili: kila sentimita ya kifua inaongeza kilo ngapi, na jibu hilo likikosea, hukosea kwa kilo ngapi? Rigresheni ya mstari ni namna ya kuyajibu yote mawili kwa pamoja. Wanafunzi wengi hufika kwenye la kwanza wakafunga daftari. Hapo ndipo makosa ya gharama huanzia, maana la kwanza bila la pili ni ubashiri tu uliovaa tai.

Tuchukue ng'ombe saba wa kienyeji. Namba zifuatazo zimetungwa ili hesabu itoshee kwenye karatasi moja. Hazikutoka kwenye utafiti, ingawa ukubwa wake ni wa zebu, yaani ng'ombe wa kienyeji mwenye nundu, wa kawaida.

Kifua 120 sm, uzito kilo 158
Kifua 125 sm, uzito kilo 154
Kifua 130 sm, uzito kilo 198
Kifua 135 sm, uzito kilo 218
Kifua 140 sm, uzito kilo 223
Kifua 145 sm, uzito kilo 261
Kifua 150 sm, uzito kilo 279

Kabla ya hesabu yoyote, chora. Kifua kwenye mhimili wa chini, uzito kwenye mhimili wa kusimama, nukta saba. Mchoro utakuonyesha mambo ambayo fomula itayanyamazia: kama nukta zinapanda kwa mstari au kwa mkunjo, na kama kuna moja iliyojitenga na wenzake. Mwaka 1973 mwanatakwimu Francis Anscombe alitunga mafungu manne ya data ambayo yote hutoa karibu mstari uleule na wastani uleule, lakini ukiyachora ni vitu vinne tofauti kabisa. Anayeruka hatua hii hawezi kujua ameshika fungu lipi.

Kwenye nukta zetu, tazama ng'ombe wa pili. Kifua chake kinampita wa kwanza kwa sentimita 5, lakini ni mwepesi kwa kilo 4. Huenda amekonda. Usimfute. Ng'ombe wa namna hiyo wamo kwenye kila boma, na mstari unaotengenezwa bila wao utakudanganya siku utakapokutana nao.

Kupata mstari kwa kalamu

Wastani wa vifua ni 135, wastani wa uzito ni 213. Mstari tunaoutafuta lazima upite kwenye nukta ya 135 na 213, kwa hiyo kilichobaki ni kujua unapanda kwa kasi gani.

Toa wastani kwenye kila kifua: −15, −10, −5, 0, 5, 10, 15. Fanya vivyo hivyo kwa uzito: −55, −59, −15, 5, 10, 48, 66. Sasa zidisha kila jozi na ujumlishe: 825, 590, 75, 0, 50, 480 na 990, jumla 3010. Kisha zidisha kila tofauti ya kifua kwa yenyewe na ujumlishe: 225, 100, 25, 0, 25, 100, 225, jumla 700. Gawa 3010 kwa 700, unapata 4.3. Huo ndio mwinuko: tukilinganisha ng'ombe wawili wanaopitana kwa sentimita moja ya kifua, tunategemea mwenye kifua kikubwa awe mzito kwa kilo 4.3.

Kianzio, yaani namba inayokamilisha mlingano, ni 213 ukitoa 4.3 mara 135, yaani 213 − 580.5, ambayo ni −367.5. Mlingano kamili:

uzito = 4.3 × kifua − 367.5

Kwa nini mstari huu na si mwingine? Kwa kila ng'ombe kuna salio, yaani uzito wa kweli ukitoa uzito unaosemwa na mstari. Wa kwanza mstari unampa 148.5 naye ana 158, salio ni 9.5. Wa pili ni −16. Wanaofuata ni 6.5, 5, −11.5, 5 na 1.5. Ukiyajumlisha hivi hivi unapata sifuri, kwa sababu yaliyo juu yanafutwa na yaliyo chini, na mistari mingi mibovu pia hutoa sifuri. Basi kila salio huzidishwa kwa lenyewe kwanza. Jumla inakuwa 573, na hakuna mstari mwingine ulionyooka unaoweza kuishusha chini ya hapo kwa ng'ombe hawa saba. Njia hii aliichapisha Mfaransa Adrien-Marie Legendre mwaka 1805. Carl Friedrich Gauss akachapisha yake mwaka 1809 akidai ameitumia tangu 1795, na wakabaki wakinuniana.

Kuzidisha kwa lenyewe kuna gharama yake. Salio la kilo 20 halihesabiwi mara mbili ya salio la kilo 10 bali mara nne, kwa hiyo ng'ombe mmoja aliyeandikwa vibaya huuvuta mstari kwa nguvu isiyolingana naye. Tutarudi hapo.

Jina lenyewe, rigresheni, lina maana ya kurudi nyuma, na halieleweki hadi ujue lilikotoka. Mwaka 1886 Francis Galton alichapisha vipimo vya urefu wa wazazi na watoto wao Uingereza, akaonyesha kwamba wazazi warefu sana huzaa watoto warefu, lakini kwa kawaida si kama wao: watoto "hurudi" kuelekea wastani. Jina likaganda hata pale ambapo hakuna kinachorudi popote.

Mstari unakosea kwa kiasi gani

Gawa 573 kwa 5, si kwa 7. Mbili tumezitoa kwa sababu mwinuko na kianzio vyote vimetokana na ng'ombe haohao, hivyo mstari umeshajipendelea kidogo. Unapata 114.6, na kipeuo chake cha pili ni 10.7. Hiki ndicho kipimo cha kuandika pembeni ya mlingano: ng'ombe hutawanyika kuuzunguka mstari kwa kiasi cha kilo 11.

Watu wengi hukimbilia R², yaani sehemu ya tofauti za uzito ambayo mstari umeieleza, na hapa ni 0.96. Maana yake, tofauti zote za uzito kutoka kwenye wastani, kila moja ikizidishwa kwa yenyewe, zikijumlishwa hutoa 13,516, na mstari umebakiza 573 tu bila maelezo. Inapendeza kuisema mbele ya watu. Lakini R² haina kilo ndani yake, na mwenye bomba la dawa mkononi anahitaji kilo. Tena R² hupanda ukichanganya ndama na fahali kwenye data moja, kwa sababu tu tofauti zimekuwa kubwa, hata kama kosa kwa kila mnyama limebaki palepale au limezidi.

Sasa amekuja ng'ombe mgeni, kifua 137. Mstari unasema 4.3 × 137 − 367.5 = 221.6. Hiyo nukta sita ni pambo. Ili kujua upana wa kosa kwa mnyama huyu mmoja, chukua 10.7, zidisha kwa kipeuo cha pili cha 1 + 1/7 + 4/700. Ile 1 ni utofauti wa ng'ombe mwenyewe. 1/7 ni uchache wa ng'ombe tuliopima. 4/700 ni umbali wake kutoka katikati, sentimita 2 zikizidishwa kwa zenyewe, juu ya ile 700. Jibu ni 11.5. Zidisha kwa 2.57, namba ya jedwali la kitakwimu liitwalo t kwa kiwango cha asilimia 95 mtu akiwa na ng'ombe saba, na unapata karibu kilo 30. Ng'ombe huyu, basi, ni wa kilo kati ya 192 na 251.

Wengi hushtuka hapo. R² ya 0.96, kisha kilo 30 huku na huku? Ndiyo. Na ukipima ng'ombe 60 wenye mtawanyiko uleule, upana hushuka hadi kama kilo 22, halafu hugoma. Hata ukipima elfu hautashuka chini ya 21, kwa sababu data nyingi huuimarisha mstari, haiwafanyi ng'ombe wafanane. Kinachoweza kuupunguza zaidi ni kipimo kingine kinacholeta habari mpya, au kupima kwa uangalifu zaidi.

Je, utepe hauna maana basi? Una maana, ukijua kazi yake. Kwa uzito wa 221.6 dawa ni mililita 16.6, kwa ncha ya juu, 251, ni mililita 18.8. Kwa kuwa kupunja ndiko kunakozaa usugu, ni busara kuegemea juu badala ya kuchukua namba ya katikati, kwa dawa ambayo lebo yake inaruhusu nafasi hiyo. Kwa dawa yenye nafasi finyu kati ya kiasi kinachotibu na kinachodhuru, utepe wenye kosa la kilo 30 haufai, na daktari wa mifugo ndiye wa kuamua. Kwa kuuza ng'ombe kwa kilo sokoni, kosa la kilo 30 ni pesa ya mtu. Hapo tafuta mizani.

Yanayoharibu kazi kabla ya hesabu

Data mbovu huanzia kwenye utepe wenyewe. Ule wa fundi cherehani huishia sentimita 150, na ukiwa wa plastiki laini hurefuka kadiri unavyovutwa, hivyo ng'ombe wa jioni "hukonda" kuliko wa asubuhi. Tumia utepe usiorefuka, au kamba isiyovutika unayoiweka alama na kuipima kwa rula ya chuma. Upitishe karibu kabisa nyuma ya miguu ya mbele na nyuma ya nundu, si juu yake. Mnyama asimame kwenye ardhi tambarare, miguu minne sawa, kichwa hakikuinama kula. Pima mara tatu, andika ya katikati.

Uzito nao upimwe asubuhi kabla ya maji na malisho. Lita ya maji ni kilo moja; ng'ombe akinywa lita 20 njiani kuja kwenye mizani, kifua hakijabadilika kwa kiasi hicho lakini kilo 20 zimeongezeka. Mizani ijaribiwe kwanza kwa kitu kinachojulikana, mfuko wa saruji wa kilo 50 kwa mfano, kabla ya mnyama wa kwanza na baada ya wa mwisho.

Ng'ombe wa kupima wachaguliwe kwa upana, na hapa wengi hupotea kwa nia njema kwa kuchukua wanyama wa "kawaida" tu. Ile 700 kwenye hesabu yetu ndiyo inayoushikilia mwinuko usiyumbe: 10.7 ukigawa kwa kipeuo cha pili cha 700 ni 0.4, yaani 4.3 ina mashaka ya 0.4 hivi. Kama ng'ombe wote saba wangekuwa kati ya 132 na 138, kila mmoja akipitana na mwenzake kwa sentimita moja, badala ya 700 tungekuwa na 28, na mashaka yangepanda hadi 2. Mwinuko wa 4.3 wenye mashaka ya 2 haukuambii kitu. Kwa kazi ya kweli, 30 ni mwanzo wa kuvumilika na 60 ni afadhali zaidi, wadogo, wa kati na wakubwa wakiwemo kwa idadi inayokaribiana.

Kisha uandishi. Tuseme karani ameandika 297 badala ya 279 kwa ng'ombe wa mwisho. Ziada ni kilo 18, mara 15, gawa kwa 700: mwinuko unaruka kutoka 4.3 hadi karibu 4.7. Kosa hilohilo la kilo 18 kwa ng'ombe wa katikati, mwenye 135, lisingeugusa mwinuko hata kidogo. Lingeinua mstari mzima kwa kilo 2.6 tu. Walioko kwenye ncha ndio wenye mkono mrefu, basi hao ndio wa kukaguliwa mara mbili. Makosa mengine ya kutafuta ni 1.34 pale ilipotakiwa 134, na inchi zilizoingia kimyakimya: 54 kwenye orodha ya sentimita ni ng'ombe wa sentimita 137 aliyepimwa kwa upande wa pili wa utepe.

Kwenye Excel au Google Sheets kuna mtego mmoja tu mkubwa. Fomula SLOPE, inayotoa mwinuko, hutaka uzito kwanza, kifua baadaye. Ukigeuza, utapata 0.22, na kompyuta haitalalamika. Wengine wakiona hivyo husema "haidhuru, nitagawa 1 kwa hiyo". Ukigawa unapata 4.49, si 4.3. Mstari wa kukadiria uzito kutoka kifua na ule wa kukadiria kifua kutoka uzito ni mistari miwili tofauti, kwa sababu kila mmoja unapunguza masalio ya upande wake. INTERCEPT, inayotoa kianzio, hufuata mpangilio huohuo, na STEYX ndiyo itakayokupa 10.7.

Mstari unapoishia

Leta ndama mwenye kifua cha sentimita 80. Mlingano unasema 344 − 367.5, yaani kilo −23.5. Ndama yupo, anapiga kelele, na hesabu inasema anadaiwa na dunia kilo 23.

Kosa si la hesabu. Mstari ulitengenezwa kati ya 120 na 150, na nje ya hapo hauna ushahidi wowote. Tena tunajua kwa nini unavunjika: uzito hufuata ujazo, na mwili ukikua bila kubadili umbo, kifua kikiongezeka maradufu ujazo huongezeka mara nane. Uhusiano wa kweli ni mkunjo. Kwa kipande kifupi mkunjo huonekana umenyooka. Dalili yake kwenye data pana ni masalio yanayokuwa chanya kwenye ncha mbili na hasi katikati, kama bakuli. Dalili nyingine, masalio yanayotanuka kadiri ng'ombe wanavyokuwa wakubwa, kama faneli iliyolazwa, ni ya kwamba kosa la kilo 11 ni kubwa mno kwa wadogo na dogo mno kwa wakubwa.

Matatizo yote mawili mara nyingi hutibiwa kwa hatua moja: chukua logi (logariti) ya kifua na logi ya uzito, kisha fanya hesabu ileile. Mwinuko hapo hutarajiwa uwe jirani na 3, na kosa husomeka kwa asilimia badala ya kilo. Ukirudisha logi kuwa kilo, namba unayopata huwa chini kidogo ya wastani wa kweli, jambo dogo kama mtawanyiko ni mdogo. Au tengeneza mstari wa ndama peke yao. Kwa mkulima asiyetaka kusikia habari za logi, hii ya pili ndiyo inayotumika.

Mpaka wa pili ni wa aina ya mnyama. Mstari uliotokana na Friesian wa gredi wa Nakuru usichukuliwe moja kwa moja hadi Busia. Zebu ana nundu, mifupa myembamba na tumbo tofauti. Kifua kilekile kinabeba kilo tofauti. Tepe nyingi zenye kilo zilizochapwa tayari zina mstari wa namna hiyo ndani yake, uliopigwa kwa ng'ombe ambao mnunuzi hawajui. Ukiwa nao, usiutupe: pima ng'ombe 20 wako kwenye mizani, linganisha, uone kama unazidisha au unapunja kila mara.

Hilo la kulinganisha lina namna yake. Usiujaribu mstari kwa ng'ombe walewale walioutengeneza, utajisifu bure. Weka kando ng'ombe wa kijiji kimoja kizima, tengeneza mstari kwa vijiji vingine, ndipo uwajaribie hao. Kuchomoa wachache hapa na pale hakutoshi, kwa kuwa ng'ombe wa boma moja hushiriki fahali na malisho, na aliyebaki ndani ya data anatoa siri za aliyetolewa.

Vipi kuongeza vipimo, kama urefu wa mwili kutoka bega hadi nyonga, kimo, au alama ya unono? R² itapanda kila unapoongeza kitu, hata ukiongeza namba ya simu ya mwenye ng'ombe. Angalia badala yake kama kosa kwenye kijiji kilichowekwa kando limeshuka. Kimo mara nyingi hakisaidii sana, maana kinakwenda pamoja na kifua na kinarudia habari ileile. Matokeo yake mwinuko wa kila kimoja huanza kuyumba, hata mmoja kugeuka hasi. Alama ya unono ina nafasi nzuri zaidi, kwa kuwa inamweleza yule ng'ombe wetu wa pili aliyekonda.

Jambo moja la mwisho hukosewa hata na waliosoma. Ile 4.3 inalinganisha ng'ombe tofauti waliopimwa siku moja. Haisemi kwamba ng'ombe wako, akiongeza sentimita moja kati ya Machi na Juni, ameongeza kilo 4.3. Wakati wa kiangazi mnyama hupoteza nyama na maji ya tumboni kwa mpangilio wake mwenyewe, na kifua chake hakishuki kwa kufuata mstari wa wenzake. Anayetaka kufuatilia ukuaji anahitaji vipimo vya kurudia kwa mnyama yuleyule. Ndiyo maana kwenye karatasi inayobandikwa ukutani pa josho, chini ya mlingano, panapaswa kuandikwa pia: zebu wakubwa, kifua 120 hadi 150, asubuhi kabla ya maji, mwezi na mwaka wa kupima, na kosa la kilo 30 juu au chini.